Msambo na Wale Wasiolipwa

Mama mwenye shamba alilifunua rundo kwa ncha ya jembe. Chini ya majani makavu ya mgomba yalikuwa yamelazwa matunda ya msambo, ya kahawia, marefu kuliko shibiri, yaliyokwisha kulegea kwa kuoza, na harufu ya kitu kinachochacha ikatupanda puani. Alichukua moja, akalipasua kwa vidole, akazamisha mikono hadi kwenye vifundo, kisha akaanza kuzitoa mbegu moja moja kutoka kwenye ute mzito unaovutika kama wa bamia. Kila mbegu aliisugua kwenye kipande cha gunia mpaka utelezi ukaisha, akaitupa juu ya jamvi bila hata kuitazama. Nilipoinama kwenye shina la mti ili nimwokotee matunda yaliyobaki, alinizuia.

"Hayo yaache, mwanangu. Hayo ni fungu la panya buku."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa shambani. Yeye hakucheka.

"Kwani wewe unadhani hii misambo aliipanda nani?"

Nilikuwa nimepanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwa shughuli nyingine kabisa. Shughuli hiyo ilikwisha, nikashuka Muheza, nikarudi kwenye kazi zangu, lakini swali lile limeendelea kunifuata kwa wiki kadhaa, na kila nikilijibu linazaa jingine.

Tunda lisilochumwa

Msambo, ambao wengine huuita mkani, ni mti wa misitu ya mvua ya Milima ya Tao la Mashariki, na nje ya milima hiyo ya Tanzania hauoti wenyewe mahali popote duniani. Shina lake hunyooka, unaweza kupita mita 30, na matunda yake huning'inia huko juu mpaka yaanguke yenyewe. Tunda moja lililokomaa linaweza kufikia kilo kadhaa, kwa hiyo mtu mwenye akili zake hakai kupiga soga chini ya msambo wakati wa msimu. Likishaanguka huokotwa, hurundikwa na wenzake, hufunikwa majani na kuachwa lioze, kwa sababu likiwa bichi ni gumu kulitoa mbegu. Ndani mnaweza kuwamo mbegu makumi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mia, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 4.

Nyama ya tunda watu hawaikimbilii. Wanachokitaka ni mbegu, ambayo zaidi ya nusu ya kiini chake ni mafuta.

Wazee wa Usambara waliyajua mafuta hayo muda mrefu kabla ya mnunuzi yeyote kupanda mlima. Mbegu zilikaushwa, zikatwangwa, zikachemshwa, na mafuta yaliyoelea yakaenguliwa na kuachwa yagande. Yalipikiwa, na yalipakwa kwenye viungo vinavyouma na kwenye vidonda. Wajerumani walioanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902 nao waliyafahamu, na jina la kisayansi la mti huu, *Allanblackia stuhlmannii*, limebeba hadi leo jina la Franz Stuhlmann, aliyewahi kuiongoza taasisi hiyo.

Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni nani anayeyataka.

Mafuta yanayoganda

Mafuta ya msambo yana sifa ambayo viwanda vya vyakula huitafuta kwa udi na uvumba: hukaa magumu kwenye joto la kawaida la chumba, kisha huyeyuka yakikaribia joto la mwili. Karibu yote ni asidi mbili tu za mafuta, ya steariki na ya oleiki, na kwa mchanganyiko huo mtengenezaji wa majarini anaweza kupata kitu kinachopakika kwenye mkate bila kulazimika kuyabadili mafuta kwa njia nyingi za kiwandani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Unilever ilishirikiana na watafiti wa kilimo mseto na mashirika ya uhifadhi kujenga njia ya kununua mbegu za jamii hii ya miti nchini Ghana, Nigeria na Tanzania. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya ikaidhinisha mafuta hayo yatumike katika majarini na vyakula vingine vya kupaka vya aina hiyo.

Hoja iliyoambatana na biashara hiyo ilikuwa nzuri, na sitaki kuibeza. Mwanakijiji ambaye msambo wake unamwingizia fedha kila msimu hatakuwa na haraka ya kuukata. Tunda limekwisha kuanguka, hakuna tawi lililovunjwa wala gome lililochunwa, hakuna mtu aliyepanda juu. Unachukua kilichopo chini, ambacho vinginevyo kingeoza, na msitu unabaki ulivyo. Ukilinganisha na msumeno, au na shamba la mahindi lililofyekwa kwenye mteremko, ni nani angekataa?

Mimi pia nisingekataa. Ni lile neno "kingeoza" lililoanza kunikereketa.

Buku na mifuko ya mashavu yake

Panya buku ni mnyama mkubwa kwa kipimo cha panya, anayeweza kuzidi kilo moja, na hutembea usiku. Ni jamii ileile inayofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kutambua vimelea vya kifua kikuu katika makohozi, kwa hiyo sifa za pua yake hazihitaji kuelezwa tena. Kinachohusika hapa ni mashavu yake. Ana mifuko mdomoni ambamo hubeba chakula, hukipeleka mbali na mahali alipokiokota, na kingine hukifukia chini kidogo ya udongo ili akirudie baadaye.

Sasa itazame mbegu ya msambo kwa jicho la mbegu yenyewe. Ni nzito, kwa hiyo upepo hauwezi kuichukua. Ni kubwa, kwa hiyo ndege wa msituni hawezi kuimeza na kwenda kuiangusha bondeni. Imeanguka pamoja na makumi ya ndugu zake ndani ya tunda moja, moja kwa moja chini ya mama yake, mahali penye kivuli kizito kuliko pote. Atakayeiondoa hapo ni mnyama mwenye meno, na mnyama mwenye meno hana nia ya kupanda msitu. Anataka kula.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoingia, tena ilikuwa shaka dhidi ya yule mama na si dhidi ya mnunuzi. Buku ni mwizi wa mbegu. Sehemu kubwa ya anachokibeba anakila, na mbegu iliyotafunwa haioti. Kwa nini basi aachiwe fungu? Je, si afadhali mbegu hizo ziende kwa mtu mwenye karo ya kulipa?

Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi, na jibu nililolifikia halihusu mbegu nyingi, linahusu zile chache. Msambo hauhitaji mbegu mia zote ziote. Mti unaozaa kwa miongo mingi unahitaji, katika maisha yake yote, watoto wachache sana wa kuushika mahali pake. Hao wachache wanatokana na mbegu ambazo buku alizifukia na hakuzirudia, ama kwa sababu alisahau, ama alishiba, ama yeye mwenyewe aliliwa na bundi. Ili mbegu chache zisahaulike, ni lazima nyingi zipite mkononi mwake. Buku mwenye njaa hasahau kitu; anakula papo hapo, na akifukia kidogo atakirudia chote.

Kwa hiyo anayeokota matunda yote chini ya mti anaondoa, pamoja na ziada, ile nafasi ya kusahauliwa.

Na mnunuzi, kwa kawaida yake, hulipa kwa kilo.

Msitu unaoonekana umejaa

Ukipita leo kwenye njia za Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, huoni dalili yoyote ya hayo ninayoyasema. Misambo mikubwa ipo, na msimu ukifika matunda yanadondoka. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mti unaoishi miaka mingi hauonyeshi hasara upesi. Unaweza kuendelea kuangusha matunda kila msimu mbele ya macho yetu huku chini yake hakuna mche hata mmoja unaofika magotini, na sisi tukayahesabu matunda na kusema mambo ni mazuri. Mazao ya mbegu hutueleza habari za mama wazee. Habari za msitu ujao zinasomwa chini, kwenye vichipukizi, ambavyo havina bei na hakuna anayevipima.

Amani ina mfano wa pili unaonisaidia kufikiri, nao ni mhesi. Mti huu asili yake ni upande wa Ziwa Victoria na magharibi zaidi. Ulipandwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni. Ulikaa kimya kwa muda, kisha ukataji wa magogo ulipofungua mianya mikubwa msituni, ukaruka na kujaza mianya hiyo. Uliwezaje? Tunda lake ni dogo, lina nyama, na hondohondo hulimeza zima na kuruka nalo. Ndege mmoja mwenye mbawa kubwa anaweza kuipeleka mbegu ya mhesi mbali kwa asubuhi moja. Msambo una panya anayetembea kwa miguu usiku, anayebeba mbegu kwa mashavu, na ambaye nusu ya nia yake ni kuila.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja, unaona kwamba mashindano ya kujaza mwanya uliofunguka msituni hayakuwa sawa tangu awali. Tukija sisi na magunia tukamwondolea buku mzigo wake, tunampa mhesi nafasi nyingine bila kupanda hata mche mmoja wa mhesi.

Sijasema watu waache kuokota. Nasema okoteni kwa kujua kwamba mnagawana na mtu.

"Basi tupande"

Jibu la haraka, na nimelisikia kwa watu wenye nia njema, ni kwamba msambo utolewe msituni uletwe shambani: watu wapande wao, wavune wao, buku abaki na wake. Kwa sehemu jambo hili lilikuwapo kabla ya miradi. Wakulima wa iliki wa Usambara, walipokuwa wakipunguza msitu ili iliki ipate mwanga kiasi, mara nyingi waliacha misambo isimame iwe kivuli. Ndiyo maana mashamba mengi yana miti mikubwa ambayo hakuna mtu aliye hai aliyeipanda.

Kuipanda ni habari nyingine. Mbegu ya msambo inaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka, kabla haijachipua, na mche ukishatoka hauna papara. Kutoka mbegu hadi tunda la kwanza mkulima anaweza kungoja miaka 10 au zaidi. Watafiti wa kilimo mseto wamehangaika na tatizo hili kwa bidii: wamejaribu kuondoa ganda la mbegu ili iwahi kuchipua, na wamefanikiwa kubebesha, yaani kuchukua kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa na kukiunganisha kwenye mche mdogo, jambo linaloupunguza sana muda wa kungoja.

Hata hivyo miaka ni miaka. Nilipokuwa nikizipanga tarehe hizi niligundua jambo lililonikalisha. Msambo uliopandwa kwa mbegu mwaka 2008, mwaka ule wa kibali cha Ulaya, huenda ulikuwa bado haujatoa tunda lake la kwanza mwaka 2018, wakati Unilever ilipokamilisha kuiuza biashara yake ya majarini kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR. Sisemi hivyo kumlaumu muuzaji. Makampuni huuza na kununua, ndiyo kazi yao. Nasema tu kwamba uamuzi wa mezani ulichukua muda mfupi kuliko ujana wa mti mmoja, na aliyekuwa ameuchimbia shimo mti huo hakuwa na kiti kwenye meza ile.

Watu wa Usambara Mashariki wana sababu ya kuwa waangalifu na ahadi zinazofungwa kwenye miti. Wengi walikuwa na iliki yao katika ushoroba wa Derema, yaani ukanda wa msitu unaounganisha misitu mingine, ulipochukuliwa kwa ajili ya uhifadhi, na kuhesabiwa mazao kwa ajili ya fidia si jambo la kusahaulika upesi. Ukimwambia mtu wa huko apande kitu kitakachomlipa baada ya miaka 10, anakusikiliza kwa adabu zote, anakukaribisha na chai, halafu anapanda mdalasini.

Siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningepanda mdalasini pia, na labda msambo mmoja mpakani kwa ajili ya wajukuu.

Dume

Nilidhani nimelimaliza jambo hili hapo, mpaka nilipokumbuka kwamba msambo una jinsia mbili katika miti miwili. Kuna mti wa kike unaozaa na mti wa kiume unaotoa maua ya chavua tu, na hakuna njia ya kuutambua kwa macho upi ni upi mpaka utakapotoa maua. Mkulima aliyepanda mbegu na kungoja muda wote ule anaweza, mwishoni kabisa, kugundua kwamba amelea dume.

Kubebesha kunaliondoa tatizo hilo kwa mkulima mmoja mmoja, kwa sababu kikonyo kinatoka kwenye mti ambao jinsia yake inajulikana. Lakini kila mtu akichagua majike peke yake, chavua itatoka wapi? Kwa wenye mashamba yanayopakana na msitu, itatoka msituni. Kwa wale wa mbali zaidi, itatoka kwenye dume lililobaki katika shamba la jirani, ambaye mti huo haumwingizii senti, unamnyima mwanga wa iliki, na mizizi yake inashindana na migomba yake.

Hapa ndipo mawazo yangu yaliyokuwa yametawanyika yalipokutana. Bei ya mbegu inaona kitu kimoja tu, mbegu iliyokauka kwenye jamvi. Buku aliyefukia mbegu iliyozaa mti ule haoni malipo. Dume lililotoa chavua halionekani. Miaka ambayo mche ulikuwa mwembamba kivulini haiandikwi kwenye daftari la mnunuzi. Ni kweli kwamba biashara hii imeupa msambo thamani, lakini imeipa thamani nusu moja ya jinsia ya mti, na msimu mmoja tu wa mwaka wake. Kinachobaki kinategemea hisani ya watu kama yule mama, na hisani hiyo ni ngumu kuidai kwa mtu ambaye jirani yake anaokota kila kitu na kujaza gunia la pili.

Ningekuwa na sauti kwenye mkataba wowote wa kununua mbegu hizi, ningeweka mambo mawili kabla ya kuzungumzia bei ya kilo. La kwanza, malipo ya msimu yasitegemee uzito peke yake. Sehemu yake ilipwe kikundi kwa kuhesabu vichipukizi vya msambo vinavyofika magotini katika mashamba yao na pembezoni mwa msitu, ili anayeacha fungu la buku asionekane mjinga. La pili, dume lililosimama lihesabiwe kama mti unaozaa, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Hili la pili nililijadili kwa simu na mzee mmoja mwenye shamba upande wa pili wa bonde, niliyekutana naye katika safari ileile. Ana dume kubwa katikati ya iliki yake na amekuwa akilitazama kwa jicho baya. Nilimuuliza angetaka nini ili aliache. Hakufikiri sana.

"Kila mwenye jike hapa karibu anipe debe moja la mbegu kila msimu."

Baada ya siku chache akanipigia mwenyewe. Alikuwa ameshalipeleka wazo hilo kwa majirani wawili. Mmoja amekataa katakata, anasema nyuki hawana mpaka na chavua ni ya Mungu. Wa pili amekubali, ila anataka liwe nusu debe, na mwaka ambao msambo wake hautazaa vizuri asidaiwe kitu. Mzee anasema nusu debe ni dharau, na wamekubaliana kukutana tena baada ya mavuno ya iliki.